Nyumba Mpya Kiongoroni: Matofali Yanapopanda Mashua

Anayekwenda Kiongoroni huanza safari kwa lami na kuimaliza majini. Barabara ya Kilwa ikitoka Dar es Salaam inapita Mkuranga, na kabla haijafika mji wa Kibiti kuna Bungu, ambako gari huiacha barabara kuu na kushuka mashariki hadi Nyamisati. Hapo nchi kavu inakwisha. Abiria wa Mafia wanasubiri kivuko, wa vijiji vya delta wanatafuta boti na mashua, na karibu kila mmoja anauliza jambo moja: maji yanajaa saa ngapi?

Mto Rufiji ukikaribia Bahari ya Hindi hauingii kwa mdomo mmoja. Unagawanyika mikono kadhaa, na kati ya mikono hiyo kuna mikoko, visiwa vya mchanga na matope, mashamba ya mpunga, minazi na vijiji. Mikoko ya hapa, zaidi ya hekta 50,000, inahesabiwa kuwa msitu mkubwa kuliko mwingine wowote wa aina hiyo uliokaa pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Kiongoroni, katika Wilaya ya Kibiti mkoani Pwani, imo humo.

Barabara za huku ni mikondo ya maji, na mikondo hiyo ina saa zake za kufunguka na kufungwa. Maji yakikupwa, njia iliyopitisha boti asubuhi inabaki tope linalozamisha mguu hadi gotini. Mgeni hupiga picha. Mzazi anapiga hesabu nyingine: mtoto akichemka homa saa tano usiku na maji yamekupwa, chombo hakiendi mpaka yarudi. Ndiyo maana mahali anapolala mtoto pana uzito zaidi huku kuliko mjini, ambako bodaboda inafika mlangoni.

Na nyumba zinabadilika. Ya kukandika inazeeka, mchwa wanakula miti, makuti yanaoza baada ya masika machache, na familia inayopata fedha ya mpunga, ya kamba au ya mtoto aliyeko Dar es Salaam inawaza kujenga upya. Inapowaza kujenga upya, mara nyingi inawaza matofali na bati. Kuna heshima ndani yake. Nyumba ya matofali inamwambia jirani kwamba watu hawa wametulia, na inamwambia kijana aliyeondoka kwamba ana pa kurudi.

Lakini kwanza matofali yafike. Tofali moja la saruji la inchi 6, lile lisilo na tundu, hukaribia kilo 30. Nyumba ndogo ya vyumba vitatu ikila matofali 2,000, na nyingi hula zaidi ya hapo, huo ni mzigo wa tani 60 kabla ya kuhesabu saruji ya msingi, kokoto, nondo na mabati. Mashua inayobeba tani 2 itakwenda na kurudi mara 30, kila safari ikifuata maji. Wengine wanaona bora kubeba saruji peke yake na kufyatua matofali hapo hapo. Ni nafuu kwa usafiri, ila mfuko wa kilo 50 uliopigwa na unyevu njiani unaganda kabla haujafunguliwa, na mchanga wa karibu na bahari una chumvi. Chumvi ndani ya zege inakula nondo polepole, na ndani ya ukuta inavuta unyevu, plasta inapasuka na kumenyeka kama ngozi iliyoungua. Maji ya kuchanganyia nayo yanatakiwa yawe baridi, yasiyo na chumvi, yale yale ambayo akina mama wanayatafuta kwa kunywa.

Kisha kuna uzito wenyewe. Nyumba ya matofali inataka ardhi inayobeba. Tope la delta linakaa chini pole pole na si kwa usawa, upande mmoja unatangulia, na ufa unaanzia kwenye kona ya dirisha. Fundi aliyejenga Mbagala maisha yake yote anaweza kuwa hodari sana na bado akakosea hapa, kwa kuchimba msingi ule ule aliouzoea.

Ajabu ya mahali hapa ni kwamba delta imejenga nyumba za watu wengine kwa karne nyingi. Boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu zilipakiwa kwenye majahazi na kusafirishwa na upepo wa kusi hadi Uarabuni na Ghuba, nchi zisizo na miti ya kujengea. Ziliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, zikapangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Wajerumani walipoitawala Tanganyika waliuweka msitu huu chini ya usimamizi wa serikali, na mpaka leo mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi, hukatwi mti bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Ukiingia nyumba ya kale ya mawe Unguja au Lamu utaona vyumba virefu na vyembamba. Upana huo, mita mbili na nusu au tatu hivi, haukuchaguliwa kwa ajili ya uzuri. Ulipangwa na urefu wa boriti inayoweza kubeba dari la mawe bila kupinda. Mti wa delta ulikuwa kipimo cha chumba cha kulala katika bandari za mbali, zamani sana kabla ya kampuni yoyote kutangaza nyumba mia za ramani moja.

Nyumba ya kwao wenyewe watu wa hapa waliijenga kwa nguzo za mkandaa na mkoko, fito zilizofungwa kwa kamba, udongo wa kukandika kiambaza, na makuti juu. Ni nyepesi, haizami. Ikiharibika inatengenezwa na watu wa kijiji kwa siku chache, na kila kitu chake kinapatikana kwa umbali wa kasia. Upande wa afya ina kasoro mbili ambazo bibi yeyote anazijua. Sakafu ni udongo. Na pale juu, kati ya kiambaza na paa, chini ya upenu, kuna uwazi unaozunguka nyumba nzima. Uwazi huo unatoa moshi na joto. Ndiyo njia kuu ya mbu pia, kwa sababu mbu wa malaria akifika ukutani hupanda juu, na akipanda anakuta mlango usiofungwa usiku kucha. Delta haina hata msimu wa kupumzika kama bara. Pamoja na mbu wa maji ya mvua, pwani hii ina aina iitwayo Anopheles merus inayozaliana kwenye maji yenye chumvi, yale madimbwi yanayobaki nyuma ya mikoko bamvua likirudi.

Warufiji wana nyumba nyingine ambayo wageni huiona kuwa kibanda tu. Inaitwa dungu. Ni jukwaa lililoinuliwa juu ya nguzo shambani, limeezekwa, linapandwa kwa ngazi. Mkulima hukaa humo kulinda mpunga dhidi ya ndege, ngedere na nguruwe, na mto ukifurika familia inabaki juu, maji yanapita chini. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji kutoka kando ya mto na kuwapanga kwenye vijiji vya sehemu za juu, mapema kabla ya operesheni za vijiji vya ujamaa kuenea nchi nzima. Nyumba zilihamia mlimani. Mashamba yalibaki bondeni, na madungu yakaendelea kusimama huko, kwa sababu mpunga haukuhamishika. Hesabu ya mpangaji wa serikali ilikuwa juu ya mahali pa nyumba. Ya mkulima ilikuwa juu ya urefu wake kutoka ardhini.

Aprili 2024 maji yalirudi kwa nguvu. Mafuriko yalizamisha mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na mazungumzo ya viwanja vipya na nyumba mpya yakaanza tena. Tanzania sasa ina uzoefu wa kujenga nyumba nyingi kwa mpigo. Baada ya maporomoko ya matope ya Desemba 3, 2023 yaliyoikumba Katesh, wilayani Hanang, familia zilizopoteza makazi zilijengewa nyumba 109 katika eneo la Waret. Msomera, wilayani Handeni, safu za nyumba za ramani moja zimejengwa kwa familia zilizotoka Ngorongoro. Faida ya utaratibu huo ni halisi. Vifaa vinanunuliwa kwa jumla, fundi anayerudia nyumba ile ile mara hamsini anakosea mara moja, na familia inakabidhiwa ufunguo badala ya kukaa miaka kumi na ukuta uliofika kwenye lenta.

Hasara inajificha ndani ya ramani. Ramani inachorwa mara moja, mezani, na kosa lake linarudiwa katika kila nyumba. Ramani iliyofaa Hanang, kwenye baridi ya mlima, yenye madirisha madogo na dari lililofungwa, ikiletwa Kiongoroni bila kubadilishwa ni tanuri. Mama atawatoa watoto walale barazani. Huko barazani ndiko mbu waliko.

Mfano unaofanana zaidi na delta uko kusini, mwendo wa barabara ile ile ya Kilwa ukiendelea mpaka Mtwara. Katika vijiji vya Mtwara zilijengwa nyumba 110 za ramani moja, zikiitwa Star Homes, na familia za kuhamia zilipatikana kwa bahati nasibu. Mchoraji wake ni msanifu wa Denmark, Jakob Knudsen, aliyekuwa amejaribu kwanza nyumba sita za aina mbalimbali katika kijiji cha Magoda, wilayani Muheza, Tanga. Watafiti wakiwemo wa Mtwara wenyewe waliwafuatilia watoto wa nyumba hizo kwa miaka mitatu na kuwalinganisha na watoto wa nyumba za kawaida katika vijiji vile vile.

Nyumba yenyewe inashangaza mara ya kwanza. Ni ya ghorofa, lakini ghorofa jepesi. Fremu ni ya chuma chembamba, ile inayobebwa vipande na kufungwa kwa skrubu. Chini kuna jiko na stoo. Vyumba vya kulala viko juu, na kuta zake kwa sehemu kubwa ni wavu imara unaopitisha upepo na kuzuia mbu. Maji ya mvua kutoka kwenye bati yanaingia kwenye tangi, choo kimejengwa ili nzi wasiingie na kutoka, na taa ni za jua. Saruji iliyotumika ni kidogo sana ukilinganisha na nyumba ya matofali ya ukubwa ule.

Matokeo yalipotoka, watoto waliolala humo walikuwa wameugua malaria pungufu kwa zaidi ya theluthi kuliko wenzao. Kuharisha kulipungua pia, na magonjwa ya kifua. Hakuna dawa mpya wala chanjo iliyoongezwa. Kilichobadilika ni mahali pa kulala, mahali pa kupikia na mahali pa kujisaidia.

Mtu wa Rufiji akiitazama picha ya nyumba hiyo ataona kitu anachokifahamu. Ni dungu lililovaa wavu.

Urefu una maana yake. Nchini Gambia watafiti walijenga vibanda vinavyoweza kuinuliwa na kushushwa, wakahesabu mbu wa malaria wanaoingia usiku. Kibanda kilipoinuliwa mita tatu, mbu walioingia walipungua kwa asilimia 84 kuliko kilipokuwa ardhini. Mbu anawinda karibu na ardhi, akifuata harufu na pumzi ya mtu. Nyumba inayopitisha upepo inatawanya pumzi hiyo, na aliyelala anaonekana kidogo kwa mbu, kama mtu aliyezima taa. Nyumba iliyozibwa kila mahali inaikusanya.

Gambia hiyo hiyo imetoa somo la upande wa pili, ambalo wauza mabati hawalitangazi. Katika utafiti mwingine, nyumba za nyasi zilibadilishwa kuwa za bati, uwazi wa chini ya paa ukazibwa, milango na madirisha yakawekwa wavu. Zilihusika nyumba 800, nusu zikiboreshwa na nusu zikibaki zilivyo, na watoto wote walikuwa na vyandarua. Malaria haikupungua. Bati linachoma mchana na halina shukrani jioni. Watu wanachelewa kuingia ndani, mlango unabaki wazi, chandarua kinapandishwa kwa sababu ya joto. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa kwamba bati na tofali tu zitamaliza malaria nyumbani ameambiwa nusu ya habari.

Na sakafu? Hapa saruji inastahili sifa zake zote. Jimbo la Coahuila, Mexico, mwaka 2000 lilianzisha mpango ulioitwa Piso Firme. Serikali haikujenga nyumba. Ilileta zege kwa lori, familia ikatoa vyombo nje, sakafu ya udongo ikafunikwa, ikaachwa ikauke. Watafiti waliwalinganisha baadaye watoto wa nyumba hizo na wa mji jirani ambao mpango haukuufikia. Maambukizi ya minyoo na vimelea vya tumbo yalikuwa pungufu kwa asilimia 78, kuharisha kwa asilimia 49, upungufu wa damu kwa asilimia 81. Sakafu peke yake, chini ya kuta zile zile za zamani. Mtoto anayetambaa anaishi sakafuni, na kinachookotwa pale kinaishia mdomoni.

Ukiyaweka haya pamoja na mashua ya Nyamisati, hesabu ya ujenzi inageuka. Saruji chache zinazofika salama zina kazi bora kuliko ukuta. Ziende kwenye jamvi la chumba cha watoto na jiko, ziende kwenye choo, ziende kwenye kitako cha tangi. Ukuta unaweza kubaki wa miti na udongo, uliokandikwa vizuri na kupigwa lipu nyembamba ili usiwe na nyufa, bila hasara kwa afya ya yeyote. Wazee watanung'unika kidogo, kwamba fedha zote hizo na bado nyumba ni ya udongo. Waache wanung'unike.

Bati nalo lina sababu nzuri moja ya kuja delta, nayo ni maji. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 10 linatoa karibu lita 500, na hiyo ni mvua ya kawaida ya masika, ya saa moja. Kwa kijiji kilichozungukwa na maji ya chumvi, hizo ni safari kadhaa za mtumbwi ambazo mama au binti hatakwenda. Makuti hayatoi maji ya kunywa. Tangi lifunikwe kwa wavu kwenye mdomo, la sivyo mbu wa dengue watalifanya lao. Joto la bati linapungua likiinuliwa juu, likiachiwa njia ya hewa kwenye pembe za juu za paa, njia hiyo ikiwekwa wavu. Upepo wa chumvi unalila bati jembamba haraka, hivyo lile la bei ya chini kabisa dukani huwa ghali baada ya miaka michache.

Kuinua nyumba ni mjadala mrefu zaidi. Nguzo za mikoko zinabeba vizuri, na mafundi wa dungu wapo, lakini nguzo za nyumba ya kulala familia ni nene na nyingi, na kibali cha kukata kinafuatwa kwanza. Mashina yanayogusa ardhi yanaliwa na mchwa, hivyo kitako cha zege chini ya kila nguzo kinaongeza umri wake. Halafu kuna watoto. Mzazi yeyote akitajiwa ghorofa anamwona mtoto wa miaka miwili juu ya ngazi, na yuko sahihi. Ngazi iwe na mlango juu, si chini peke yake, na ukingo wa baraza uwe na fito za karibu kiasi kwamba kichwa cha mtoto hakipiti. Bibi mwenye magoti mabovu na mama mjamzito wanahitaji chumba cha chini, na chumba hicho kipewe wavu kwanza kabla ya vingine.

Sitara pia si jambo dogo kwa watu wa pwani. Wavu wa kijivu mchana unamwonyesha aliye ndani nje na kumficha, ila usiku taa ikiwaka ndani mambo yanageuka, wa nje anaona kila kitu. Pazia la kanga la kuvuta linatatua hilo bila kuzuia upepo wote. Mchoraji wa mezani anaweza asilifikirie. Mama mwenye nyumba atalifikiria usiku wa kwanza.

Jiko litoke nje ya chumba cha kulala, hata kama ni banda la makuti hatua chache upande wa chini ya upepo. Kuni za mkandaa zinawaka vizuri na ndiyo sifa yake, lakini moshi wake hautofautishi kati ya mbu na mapafu ya kichanga. Imani kwamba moshi unalinda watoto dhidi ya malaria imewagharimu watoto wengi kikohozi kisichokwisha.

Ikitokea siku kampuni, mradi au serikali ikafika Kiongoroni na ramani moja ya nyumba thelathini, wazazi wana haki ya kuuliza kabla ya kushukuru. Sakafu itakaa juu kiasi gani kuliko alama ya bamvua kubwa na mafuriko ya 2024? Alama hizo wenyeji wanazijua, ziko kwenye minazi. Mchanga unatoka wapi, na umeoshwa? Madirisha yana wavu au yana nondo tu? Mlango unajifunga wenyewe? Nani atabadilisha wavu ukichanika mwaka wa tatu, na unauzwa wapi, Kibiti au Kariakoo? Kama kuna mkataba, mkandarasi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, malipo yaende kwa hatua, na sehemu ya mwisho ishikwe mpaka masika moja ipite juu ya paa. Bora zaidi ni kuomba nyumba moja ijengwe kwanza, familia yenye watoto ilale humo miezi ya mvua na miezi ya joto, kisha ramani irudi mezani na maneno yao.

Anayejenga kwa fedha yake mwenyewe hana mtu wa kumwekea masharti isipokuwa fundi, na fundi naye ana mazoea yake. Shikamoo na chai vitangulie, halafu maelezo yawe ya vipimo: madirisha mawili yanayotazamana kila chumba ili upepo uvuke, wavu ubanwe kwa fremu ya mbao badala ya kupigiliwa misumari mitupu, uwazi wa chini ya paa uachwe kwa ajili ya hewa lakini uzibwe kwa wavu mzunguko mzima, kona zote nne. Kona ndizo fundi husahau. Chandarua kiendelee kufungwa kitandani hata baada ya yote hayo, na homa ya mtoto ipimwe siku ile ile, maji yakiruhusu.

Bunda la wavu wa kutosha nyumba nzima, kwa bahati, ni mzigo wa mtu mmoja begani. Ukishuka nao Nyamisati unapanda nao boti la abiria, na nafasi ya mashua inabaki kwa saruji ya sakafu.